Shajara ya Kisima cha Uangalizi: Rasimu ya Maji Chini ya Ardhi kwa Arusha na Moshi

Juma la kwanza, Usa River

Tumekutana watu sita katika chumba cha darasa tulichoazimwa: mimi niliyefanya kazi ya kupima visima kwa miaka mingi, fundi wa kuchimba visima virefu, mwalimu wa jiografia, mwanasheria kijana kutoka Moshi, na wajumbe wawili wa jumuiya za watumia maji, mmoja wa upande wa Arumeru na mwingine wa upande wa Hai. Kazi tuliyojitwika ni kuandika rasimu ya makubaliano ambayo mamlaka za maji za Arusha na Moshi, pamoja na halmashauri zilizo katikati, zitaweza kuyatumia kugawana maji yaliyo chini ya ardhi kati ya miji hiyo miwili. Hatuna mamlaka yoyote ya kisheria. Rasimu ikikamilika tutaipeleka kwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi, na ni Bodi hiyo itakayoamua kuipa nguvu au kuiweka kando.

Sababu ya kuanza sasa ni nyepesi kueleza. Sensa ya mwaka 2012 ililikuta Jiji la Arusha na watu 416,442, na ile ya 2022 ikalikuta na zaidi ya 617,000. Manispaa ya Moshi ilikuwa na watu 184,292 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ilikuwa imevuka 221,000. Barabara ya kilomita zipatazo 80 inayounganisha miji hii haipiti tena porini. Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti na Boma Ng'ombe imekuwa miji yenyewe, na karibu kila nyumba mpya ya wageni, kila shamba la maua na kila shule ya bweni inayojengwa huanza kwa kumtafuta mchimba kisima. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, uliogharimu takriban shilingi bilioni 520 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na za serikali, ulikusudia kuinua uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi lita milioni 200, na tegemeo lake kubwa ni visima virefu. Mradi huo ulihitajika, na mtu aliyewahi kuamka saa tisa usiku kungojea bomba litoe maji hawezi kuulaumu. Swali letu ni nani anayeangalia kinachotokea chini wakati watu wote hawa wanavuta kwa pamoja.

Juma la pili

Tumetumia siku mbili kwa hesabu ubaoni, na ninaiandika hapa kwa sababu imebadilisha namna tunavyozungumza.

Lita milioni 200 kwa siku ni mita za ujazo 200,000, yaani mita za ujazo milioni 73 kwa mwaka. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba milimita 100 za mvua ya mwaka hupenya mizizi ya mimea na kufika kwenye mwamba wenye maji. Kilomita moja ya mraba itakuwa imepata mita za ujazo 100,000. Kwa mfano huo, mji unaovuta milioni 73 unahitaji kilomita za mraba 730 za ardhi inayomfanyia kazi yeye peke yake, bila kisima cha mtu mwingine, bila chemchemi, bila mto. Mwalimu wa jiografia alichora duara la ukubwa huo kwenye ramani akiweka kitovu chake kwenye eneo la visima kusini ya Usa River, na duara hilo likauvuka mpaka wa Mkoa wa Kilimanjaro. Mwamba hauwezi kuusoma mpaka huo. Mchoro huo haukuwa wa kisayansi, kwa kuwa maji hayaji kisimani kutoka pande zote sawasawa, lakini ulimaliza mjadala wa kama Hai inahusika au haihusiki.

Jambo la pili lilitugharimu muda zaidi, nalo ni imani iliyoenea kwamba maji ya chini yamekaa tu yakisubiri kuvutwa. Hayakukaa. Mvua inayonyesha kwenye msitu wa Meru na wa Kilimanjaro, pamoja na ukungu unaonaswa na miti ya juu, hupenya kwenye miamba ya volkano, huteremka polepole na kutokea tena kwenye chemchemi zilizo chini ya milima. Ni msitu unaotulisha. Barafu ya Kibo, ambayo watu huitaja kwanza kila mazungumzo ya maji yanapoanza, mchango wake kwenye chemchemi ni mdogo sana. Basi kila lita inayovutwa na pampu ni lita ambayo ingetokea mahali fulani. Ingetokea kwenye chemchemi za Nsere au Shiri, zinazowanywesha watu wa Moshi. Ingetokea kwenye chemchemi ya Chemka kule Rundugai. Au ingeingia Kikuletwa, mto unaokusanya maji ya Meru na ya magharibi ya Kilimanjaro na kuyapeleka katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo inashuka kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani hadi baharini, ambako mto ukikosa nguvu maji ya chumvi hupanda kuingia nchi kavu.

Kwa muda fulani pampu huvuta akiba iliyohifadhiwa kwenye mwamba, na katika muda huo hakuna anayeona upungufu. Baadaye chemchemi huanza kupungua, na wakati huo kila mtu ana mtu mwingine wa kumlaumu. Nimeliona hili kwa macho yangu mara nyingi kiasi cha kutotaka kuliandika kwa lugha ya upole.

Juma la tatu

Mwanasheria ametupitisha katika sheria, nasi tulihitaji kupitishwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inasema maji yote ni ya umma, na anayetaka kuyachukua kwa kisima kirefu huomba kibali kwa Bodi ya Bonde. Kisima kifupi kilichochimbwa kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani hakihitaji kibali, na tumekubaliana kwa kauli moja kwamba rasimu yetu haitakigusa. Katika kugawa maji, matumizi ya nyumbani hutangulia, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, kisha shughuli nyingine zote. Sheria hiyohiyo inaruhusu eneo litangazwe kuwa eneo la udhibiti wa maji chini ya ardhi pale hatari inapoonekana. EWURA husimamia bei na ubora wa huduma za mamlaka za maji, na RUWASA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 5 ya 2019, inahudumia vijiji.

Kwa hiyo hatuna uhaba wa sheria. Pengo tulilolikuta ni kwamba kibali huandikwa kwa mwombaji mmoja na kisima kimoja, kikitaja kiasi kisichobadilika, ilhali maji yenyewe hubadilika mwaka hadi mwaka. Bodi inaweza kupitia upya vibali maji yanapopungua, lakini kupitia upya kibali cha mji mzima katikati ya kiangazi, bila kipimo kilichokubaliwa kabla, ni kualika ugomvi. Hapa ndipo rasimu ilipopata uti wake wa mgongo: miji miwili ikubaliane mapema juu ya visima vichache vya uangalizi, visivyovutwa maji na mtu yeyote, na ikubaliane pia kwamba usawa wa maji ndani ya visima hivyo ukishuka chini ya alama iliyoandikwa, kila mwenye kibali kikubwa apunguze uvutaji kwa sehemu iliyoandikwa, bila kikao kipya na bila barua za kuombana.

Juma la tano

Juma hili tumekosea, na kosa lenyewe limetufunza kuliko yote yaliyotangulia.

Tulikuwa tumeruhusiwa kupima visima vinne vya watu binafsi kati ya Usa River na Boma Ng'ombe. Tulishusha utepe wenye kengele, ule unaolia ncha yake ikigusa maji, tukaandika kina, tukaenda zetu. Siku nne baadaye tulirudi kwenye kisima kimojawapo na kukuta maji yamepanda sana, na ndani ya gari watu walianza kufurahi. Fundi wetu peke yake alinyamaza. Tulipofika nyumbani aliuliza pampu ilikuwa imezimwa saa ngapi siku ya kwanza. Hakuna aliyekuwa ameandika. Tulimpigia simu mlinzi, naye akatuambia kwa adabu kwamba siku ile aliizima alipotuona tukiingia getini. Tulikuwa tumepima shimo lililokuwa likijaa tena baada ya kuvutwa, tukaliita usawa wa maji.

Vipimo vyote vinne vimefutwa. Utaratibu mpya, ambao sasa ni kiambatisho cha rasimu, unataka pampu izimwe tangu jioni, kipimo kichukuliwe alfajiri, na utepe ushushwe mara tatu kwa vipindi vya dakika kumi na tano hadi vipimo vilingane. Unataka pia kipimo kianzie kwenye alama moja iliyochorwa kwa rangi kwenye ukingo wa bomba la kisima, kwa sababu mtu mmoja akipimia kutoka kwenye zege na mwingine kutoka kwenye ukingo wa bomba, tofauti yao inaweza kufanana na ukame. Fundi ameongeza sharti ambalo nalipenda kwa unyofu wake: kila kisima kipya kirefu kiwekewe, sambamba na bomba la pampu, bomba jembamba la plastiki la kupitishia utepe. Likiwekwa wakati wa kuchimba ni gharama ndogo. Likisahauliwa, kukipima kisima hicho baadaye kunaweza kumaanisha kuing'oa pampu nzima.

Nimemwomba radhi yule mlinzi kwa kumpigia usiku. Alinijibu, "Usijali mzee wangu, hata mimi nanywa maji hayohayo."

Mmiliki mmoja wa nyumba ya wageni amekataa kutuonyesha taarifa za uchimbaji wa kisima chake. Ninamwelewa, kwani anaogopa kwamba takwimu zitamletea bili. Lakini taarifa ya uchimbaji, inayoonyesha tabaka za mwamba mita kwa mita na mahali maji yalipoanza kuonekana, ndiyo macho pekee tuliyo nayo chini ya ardhi, na rasimu itapendekeza kwamba isiwe siri ya mwenye kisima.

Juma la sita

Floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi kwenye maji ya kunywa. Tulitaka kuiacha nje ili rasimu ibaki fupi, na mjumbe wa Arumeru akatukatalia, akiwa na haki kabisa. Mtu aliyekulia Maji ya Chai haombwi kueleza kwa nini. Meno yake yanaeleza, na wapo waliopinda miguu wakiwa wadogo. Miamba ya volkano ya Meru hutoa floraidi nyingi, na visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana kulingana na tabaka kila kimoja kinakonywa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi, kwa kuwa katika maeneo kama haya maji mengine hayakuwepo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimehangaika na tatizo hili kwa muda mrefu, hasa kwa kuchuja maji kupitia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia inayofanya kazi vizuri nyumbani lakini ngumu kuitegemea kwa mji mzima.

Maana yake kwa rasimu ni hii. Kwa jumla maji ya chemchemi za kusini ya Kilimanjaro yana floraidi kidogo, na maji ya upande wa Meru yana nyingi. Njia mojawapo ya kuufikisha mji kwenye kiwango salama ni kuchanganya maji ya vyanzo tofauti. Hivyo Arusha inahitaji maji yasiyo na floraidi kuliko inavyohitaji maji tu, na lita moja ya maji hafifu ya floraidi haina thamani sawa na lita moja ya maji makali. Mgawanyo unaohesabu ujazo pekee utakuwa wa haki kwenye karatasi na wa dhuluma kwenye meno ya watoto. Tumeandika ibara inayotaka kila chanzo kipimwe ubora kila msimu na vyanzo vyenye floraidi ndogo vitengwe kwanza kwa ajili ya kunywa, kabla ya mashamba na viwanda. Hii ndiyo ibara ninayoijali kuliko zote.

Onyo moja lilitolewa na fundi, nalo limeingia kama lilivyo: kisima kikivutwa kwa nguvu kupita kiasi kinaweza kuyaita maji ya tabaka jingine, na ubora ukabadilika ingawa wingi haujapungua. Kwa hiyo floraidi nayo ni kipimo cha uangalizi, sawa na utepe.

Juma la nane

Tumesoma walikofanya wengine, na mifano miwili imetusaidia kweli.

Wa kwanza ni wa Geneva. Mwamba wenye maji ulio chini ya jiji hilo la Uswisi unaendelea hadi Ufaransa, na pande zote mbili ziliuvuta hadi usawa wake ukashuka vibaya. Mwaka 1978 Jimbo la Geneva na mkoa wa Ufaransa wa Haute-Savoie walitia saini makubaliano ya miaka 30, na yalipokwisha wakayaandika upya kuanzia 2008. Kamati yao ina wajumbe watatu kutoka kila upande. Upande wa Ufaransa unaruhusiwa kuvuta hadi mita za ujazo milioni 5 kwa mwaka, na milioni 2 za kwanza hazilipiwi. Geneva ilijenga kituo cha kuyasafisha maji ya mto Arve na kuyarudisha ardhini, na gharama zake huchangiwa. Kilichotuvutia ni kwamba walioingia makubaliano ni serikali za mitaa za pande mbili, zinazoyatumia maji yenyewe, na walianza kwa kuhesabu.

Wa pili ni wa San Antonio, Texas. Jiji hilo na majirani zake walikuwa wakiuvuta mwamba wa Edwards bila kikomo hadi kesi ya kuwatetea viumbe adimu wa chemchemi za Comal na San Marcos ilipoilazimisha Texas, mwaka 1993, kutunga sheria ya kuunda mamlaka moja ya kuusimamia. Huko kuna kisima cha uangalizi kinachoitwa J-17. Wastani wa siku kumi wa usawa wake ukishuka chini ya futi 660 kutoka usawa wa bahari, wenye vibali katika eneo lake hupunguza uvutaji kwa asilimia 20. Chini ya futi 650 ni asilimia 30, chini ya 640 ni 35, na chini ya 630 ni 40. Wakazi wa jiji hufuatilia tarakimu ya J-17 kama sisi tunavyofuatilia masika. Mtiririko wa chemchemi nao hupimwa sambamba.

Wajumbe wetu wote wawili wa jumuiya waliuelewa mfano wa Texas papo hapo, bila maelezo ya ziada, kwa sababu mifongo ya Wachaga, yaani mifereji yao ya asili, iliendeshwa kwa mantiki ya namna hiyo kwa vizazi: maji yakipungua kwenye mfongo zamu zinafupishwa kwa kila ukoo, na hakuna anayesubiri kuambiwa.

Juma la kumi, Moshi

Kikao kigumu. Tulikuwa tumewaalika watu kumi na wawili wa upande wa Moshi na Hai, wengi wao wakulima, na pingamizi lilikuja mapema. Mzee mmoja, baada ya kupokea shikamoo zetu, alisema kwamba chemchemi zao zinatosha, kwamba mababu zao waliulinda msitu, na kwamba hajaona kwa nini wafungwe kwenye kanuni moja na jiji kubwa lenye mahoteli. Mama mmoja kutoka upande wa Rundugai akaongeza kuwa mji una mita na wanasheria, na mkulima ana mfereji tu, hivyo siku ya kupunguza atakayepunguziwa anajulikana.

Sikuwa na jibu la haraka kwa yule mama, na nilimwambia hivyo. Tumerudi na ibara mbili zilizoandikwa upya. Ya kwanza inasema kupunguza kunaanza na vibali vikubwa vya mijini na vya biashara, na kwamba mifereji ya mashamba madogo haiguswi hadi hatua ya tatu ya kupunguza. Ya pili inasema sehemu ya ada ya vibali vikubwa irudi kwenye jumuiya za watumia maji zilizo juu, kwa ajili ya kulinda misitu na kutekeleza ule umbali wa mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, ambao Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani yake na ambao unavunjwa kila mahali. Kuhusu chemchemi kutosha, nilimwonyesha yule mzee ile hesabu ya duara. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kama Nsere ingekuwa ndani ya duara endapo Moshi nayo ingechimba visima vya ukubwa huo. Ingekuwa. Hakusema ameridhika, ila ameomba nakala.

Juma la kumi na mbili

Rasimu ina kurasa kumi na moja. Visima vya uangalizi vinavyopendekezwa ni vitatu: kimoja chini ya Meru, kimoja katikati ya uwanda wa Sanya, na kimoja juu ya Rundugai ili kitangulie kuonyesha kile ambacho Chemka ingekionyesha baadaye. Ibara za floraidi, za taarifa za uchimbaji na za bomba la utepe zimekamilika. Kuhusu kamati tumefuata wajumbe watatu kwa watatu, na Bodi ya Bonde katikati yao.

Ibara ya saba, yenye alama ambazo uvutaji utapunguzwa zikifikiwa, ina nafasi tatu tupu mahali pa tarakimu. Mwanasheria alitaka tuweke makadirio ili hati ionekane kamili, nami nimekataa. Alama isiyotokana na vipimo itaanguka siku ya kwanza itakapopingwa, na ikianguka yenyewe itaondoka na rasimu nzima. Tunahitaji kupima kupitia masika mbili na kiangazi kimoja kati yake. Mmiliki wa kisima kimoja cha Kikatiti kisichotumika ametupa ufunguo wa mfuniko, na kipimo cha kwanza kitachukuliwa Jumamosi alfajiri.